Taa ya sola ya “wati 300”: nunueni, lakini msiamini boksi

Boksi limeandikwa wati 300 kwa herufi nyekundu, na picha yake ni barabara pana ya lami iliyowaka mwanzo mpaka mwisho. Ndani mna taa ya mraba, paneli ya sentimita 35 kwa 30, waya wa mita tano, rimoti isiyo na betri, skrubu nne, na karatasi ya maelezo ambayo hata aliyeiandika sidhani kama aliisoma. Nimeinunua hapa Malindi mjini, duka la vifaa vya umeme, kwa shilingi 3,500. Kijana wa duka alianzia 4,500. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa halikusaidii kitu. Taa hii hii utaikuta duka la pili ina jina jingine na boksi la buluu, na ukiifungua tumbo ni lile lile.

Mimi ni fundi umeme. Mshahara wa hoteli ya ufuoni nimeula miaka mingi, kazi yangu jenereta, viyoyozi, mashine za dobi na taa za bustani, mpaka hoteli ilipofungwa milango. Kwa hivyo taa ikija mkononi mwangu haitundikwi kabla ya kupasuliwa. Hii niliipasua juu ya meza ya kulia, mke wangu akinung’unika kwamba skrubu zitaingia kwenye mchele anaochagua.

Tuanze na paneli. Paneli nzuri ya mita moja ya mraba, jua la saa sita mchana, hutoa wati 200 hivi. Hii yetu ni kama sehemu ya kumi ya hiyo, basi hata ingetengenezwa kwa dhahabu isingevuka wati 21. Mita yangu ilisoma volti 6 na ampea 2.8, yaani karibu wati 17. Si mbaya. Betri ni ya lithiamu, ile aina ya fosfeti ya chuma isiyoshika moto ovyo, volti 3.2 na ampea-saa 15. Zidisha, utapata wati 48 za saa moja. Sasa kama taa ingekuwa inakula wati 300 kweli, betri hiyo ingekauka kabla ya dakika kumi. Inachokula hasa, kwa mwanga kamili, ni wati kumi.

Nilirudi dukani kumuuliza kijana hizo 290 zimekwenda wapi. Akacheka. “Mzee wangu, mimi nikiandika kumi, nani atanunua?”

Na kwa ukweli wake, wati kumi za LED si haba. Zatoa nuru inayokaribia balbu ya zamani ya wati 75, ile ya glasi iliyokuwa ikiunguza vidole. Kwa barabara ya lami ya kwenye picha ni utani. Kwa kichochoro cha Malindi chenye upana wa punda wawili, inatosha: unamwona mtu uso kabla hajakufikia, na hilo ndilo nililolitaka.

Kwa nini nililitaka, hapo ndipo maelezo yanakuwa marefu, na msomaji anayetafuta bei tu aruke aende chini.

Kichochoro chetu kinapita nyuma ya ukuta wa hoteli na majumba ya Wataliano, upande wa kwenda Casuarina. Hatukuwahi kuwa na taa ya serikali hata moja. Tulikuwa na taa za hoteli. Taa za ulinzi za juu ya ukuta, ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nikizibadilisha balbu, zilimwaga nusu ya mwanga ndani kwa wageni na nusu nje kwetu. Watoto wamesoma Kurani na hesabu chini ya mwanga ule, wanawake wametoka maulidini saa sita za usiku bila kuogopa, na hakuna aliyelipa senti. Tuliuona kama mwezi, kitu cha Mungu. Kumbe ulikuwa na bili, na bili ilikuwa ikilipwa na mtu aliyepanda ndege Milano.

Malindi hatuna viwanda vya kusemwa. Kiwanda chetu kilikuwa hoteli. Na kiwanda hicho kilipigwa kidogo kidogo, si siku moja: vurugu za Likoni 1997, bomu la Kikambala Novemba 2002, ghasia za uchaguzi 2007 na 2008, Wazungu kutekwa upande wa Lamu 2011, shambulio la Westgate Nairobi 2013, la Mpeketoni Juni 2014, na mwezi mmoja kabla ya Mpeketoni serikali ya Uingereza ilikuwa imeshawaonya watu wake wasije Mombasa. Kila mara hoteli ilipunguza watu, ikasema msimu ujao mtarudi. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Mwaka 2020 korona ikaja kumalizia waliokuwa wamebaki. Msimu uliofungwa taa za ukutani ulikuja bila tangazo. Meneja alizima swichi kubwa, akaondoka na ufunguo, na kwetu kukawa kiza.

Yaliyofuata kila mtu wa pwani anayajua. Pampu za visima zikaanza kutembea. Kisha vifuniko vya matangi, kisha mita za maji kwa ajili ya shaba yake, kisha nyaya. Jumba la jirani, mwenyewe alikufa Italia na watoto wake hawaelewani, limechunwa mpaka waya uliokuwa ndani ya ukuta. Walipiga mfereji kwa tindo, chumba baada ya chumba, kazi safi kuliko ya mafundi wengi ninaowajua. Mlinzi wake alikuwa halipwi, naye alikuwa na watoto. Sitaki kusema zaidi. Mwaka 2022, Januari, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya minara na transfoma za umeme kuharibiwa, kwetu usiku ulipumua. Marufuku iliondolewa baada ya miezi michache, nyundo zikarudi kusikika.

Na kukabwa. Baina ya magharibi na isha, mtu anatoka kazini na simu yake, anashikwa shingo kwa nyuma. Wengi wa wanaokaba ni vijana tuliowaona wakikua. Baadhi ni mateja ambao baba zao nimefanya nao kazi jikoni na bustanini. Nitasema jambo ambalo huenda halimpendezi muuza taa: kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia walionaswa na heroini kuiacha, iliyofunguliwa hospitali ya Malindi mwaka 2015 imewatoa mtaani vijana wa kwetu ambao hakuna taa ingewatoa. Mmoja wao ndiye aliyenishikia ngazi siku ya kutundika hii.

Sasa niwapeleke Highland Park, Marekani. Mtoto wa ndugu yangu anaendesha lori Marekani, anakaa Hamtramck, mji mdogo uliomezwa ndani ya Detroit. Akipiga simu huanza “Shikamoo ami” na kumalizia na malalamiko ya baridi. Alipokwenda, mama yake alilia kwamba mwanawe anapotea kwenye nchi isiyo na adhana. Kumbe Hamtramck adhana inapigwa kwa vipaza sauti tangu 2004, na jirani zake ni Wayemeni wanaopika mandi vizuri kuliko sisi. Nilipomtumia picha ya taa yangu na kumweleza habari ya ukuta wa hoteli, akanijibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp: “Ami, hayo yenu yametokea hapa kwa jirani, tena kwao walikuja kuzing’oa na nguzo.”

Nilimuuliza mpaka akachoka, na nikaenda kusoma mwenyewe. Highland Park ni mji jirani na kwake, umezungukwa na Detroit karibu pande zote. Hapo ndipo Henry Ford alipofungua kiwanda cha magari mwaka 1910, na mwaka 1913 akaanzisha ule mtindo wa gari kupita mbele ya mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulifuata gari. Mwaka uliofuata akatangaza mshahara wa dola tano kwa siku na watu wakamiminika. Mwaka 1930 mji ulikuwa na watu karibu 53,000. Ford alikuwa ameshahamishia kazi kubwa kwingine, lakini makao makuu ya Chrysler, kampuni nyingine ya magari, yalikuwa hapo hapo mpaka miaka ya 1990, yakahama nayo. Sensa ya 2020 ilikuta watu 8,977.

Mji wa watu 53,000 una taa za watu 53,000. Watu wameondoka, kodi ya kiwanda imeondoka, nguzo ziko pale pale na kila usiku zinakula umeme. Deni kwa kampuni ya umeme, DTE, likafika kama dola milioni nne. Mwaka 2011 wakakubaliana: deni lifutwe, taa ziondolewe. Kampuni ikaja na magari yake ikang’oa zaidi ya taa 1,000 katika mitaa, ikaacha za barabara kubwa na makutano. Fundi kama mimi alitumwa na kreni kufungua taa na kupakia nguzo, watu wanatazama barazani. Kazi hiyo sijui ningeifanya kwa uso gani. Na mji huo miaka kumi kabla ulikuwa umeshavunja hata idara yake ya polisi, 2001, ukairudisha 2007. Kiza juu ya kiza.

Kilichonivuta mimi ni walichofanya baadaye. Wakazi wenyewe wakaunda kikundi, Soulardarity, na Novemba 2012 wakasimamisha nguzo ya kwanza ya taa ya sola mtaani kwao. Sola, kwenye nyuzi 42 kaskazini, mahali ambapo Desemba jua linakaa saa tisa tu na theluji inafunika paneli! Sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, jua la saa kumi na mbili mwaka mzima, halafu tunakaa gizani tukingojea kaunti ituletee mulika mwizi. Niliona haya, na siku ya pili nilikuwa dukani.

Tofauti ni kwamba taa zao ni za maana: nguzo ya chuma, paneli kubwa, betri ya kupita siku za mawingu. Yangu ni ya 3,500. Basi nitaieleza kwa haki yake.

Ukiiacha kwenye mwanga kamili, inawaka saa kumi na mbili na nusu jioni yenyewe na kufikia saa tano na nusu usiku imekwisha. Hiyo ni kasoro kubwa, maana mwizi wa pampu haji saa nne. Anakuja saa nane, usingizi ukiwa mtamu. Rimoti ina kitufe cha nusu mwanga. Tumia hicho. Kwa nusu mwanga inafika karibu na adhana ya alfajiri, na macho yakishazoea kiza, nusu hiyo yatosha. Kuna kitufe cha tatu cha sensa, taa inafifia na kung’aa mtu akipita. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Kwetu ilikuwa ikimwakia kila paka, kila popo aliyefuata wadudu, na punda wa muuza maji. Usiku kucha inapepesa, Bi Mkubwa wa nyumba ya pili akasema inamletea majini. Tuliizima sensa.

Siku za mawingu mazito ya masika haijazi betri, usitarajie. Mwezi wa tano nimeiona ikizima saa tatu usiku. Muuzaji atakwambia betri inadumu “siku tatu bila jua”. Haidumu.

Bahari nayo. Skrubu zilizokuja nayo zilianza kutoa machozi ya kutu kabla ya msimu wa kusi kwisha. Zitupe siku ile ile. Nenda kwa wanaouza vifaa vya boti, nunua bolti za chuma kisichoshika kutu, na upake silikoni kila mahali waya unapoingia, hata kama boksi limeapa kwamba maji hayaingii. Paneli ilaze kidogo kuelekea kaskazini, nyuzi kumi hivi, si kwa ajili ya jua bali mvua ipate kuiosha. Hapa kwetu kinachofunika paneli si theluji, ni kunguru. Hawa kunguru wa Kihindi ambao serikali ilitangaza mwaka 2024 kwamba itawaangamiza milioni moja. Wa kwetu habari hiyo hawajaipata. Kila Ijumaa kijana mmoja anapanda na kitambaa.

Na itaibiwa. Hilo usijidanganye, taa ya kumulika mwizi ni mali ya kuibika sawa na pampu. Detroit yenyewe ilijifunza: mji ule ulipotangaza kufilisika Julai 2013, na deni la dola bilioni 18 hivi, karibu asilimia 40 ya taa zake za barabarani zilikuwa haziwaki, na sababu moja ilikuwa watu kufukua nyaya za shaba na kuziuza kwa kilo. Walipozifunga upya, taa 65,000 za LED mpaka mwisho wa 2016, wakatumia waya wa alumini ambao hauna bei kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Fundi aliyetoa wazo lile ningependa kunywa naye kahawa. Mimi sikuwa na cha kubadilisha waya, lakini nimefanya haya: taa iko juu ya nguzo ya chuma ya mita tano, iliyokuwa ya uwanja wa tenisi wa hoteli, nikaipata kwenye mnada wao kwa bei ya bure, bolti nimezikaza kisha nikaziponda nyuzi kwa nyundo zisifunguke, na nyuma ya paneli nimeandika jina la mtaa kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa mbaya, ili anayetaka kuiuza aone taabu. Rimoti anaweka Bi Mkubwa, na kwake hakuna mtu anayethubutu kuingia usiku.

Kuna toleo jingine dukani, bei imeongezwa elfu moja, lina kamera ya uongo iliyobandikwa chini na kijitaa chekundu kinachomeremeta. Msilinunue. Vijana wanaoiba ndio hao hao waliokuwa vibarua wa kufunga kamera za kweli kwenye majumba. Wanaijua ya uongo kutoka ng’ambo ya barabara. Kamera ya kweli iliyounganishwa na polisi, kama ile ya Detroit waliyoianza 2016 kwenye vituo vinane vya petroli, mwenye kituo analipia mwenyewe na kuwekewa taa ya kijani mlangoni, hiyo ni habari nyingine na pesa nyingine. Mwana wa ndugu yangu anasema akijaza mafuta usiku hutafuta kijani kile. Mimi kwa kichochoro changu sitaki. Nataka kumwona anayekuja, sitaki mtu wa ofisini amwone mke wangu akimwaga maji.

Mtaniuliza kwa nini tusivute waya kutoka nyumba moja, LED ya wati 20, ikalipwa kwa tokeni. Hesabu yake nimeifanya. Saa kumi na mbili kila usiku ni uniti saba na kidogo kwa mwezi, kama shilingi 200. Kwa mwaka ni 2,400, na betri haikufii mikononi. Kwa pesa tupu, umeme wa waya unashinda, msidanganywe na neno “bure”. Lakini tokeni ya nani? Tulikaa kikao cha nyumba kumi, kila mmoja akakubali taa na hakuna aliyekubali iwe kwenye mita yake. Na jingine, umeme ukikatika, kama ilivyokuwa Agosti 2023 nchi nzima, taa ya waya inazimika na ya jirani yako inazimika, na vibaka ndio pekee walio na tochi. Sola usiku ule ingekuwa peke yake inayowaka. Tukachanga 200 kila nyumba. Mpangaji mmoja alikataa, akasema yeye halali nje. Sawa, lakini anapita chini yake kila usiku, na mwanga hatuwezi kumkatia.

Imefanya nini? Kwenye kichochoro chetu, tangu itundikwe, sijasikia mtu amekabwa, na pampu ya kisima iko mahali pake. Hiyo ndiyo sifa. Upande wa pili ni kwamba wiki za mwanzo walikabwa watu wawili kichochoro cha pili, ambacho zamani kilikuwa na afadhali kuliko chetu. Mzee wa kule alinijia msikitini baada ya swala, akaniambia, “Fundi, mmetusukumia takataka zenu.” Sikuwa na jibu zaidi ya kumwambia bei na kumwahidi kuja na ngazi. Wamenunua yao. Sasa yuko mwingine wa kichochoro cha tatu ananitazama vibaya.

Jambo ambalo sikulinunulia taa, na ambalo kwa maoni yangu limefanya kazi kubwa kuliko taa yenyewe, ni mama wa viazi vya karai. Mumewe alikuwa mpishi wa hoteli, akaachishwa, hajapata kitu. Alikuwa akiuza viazi na kachiri za muhogo mlangoni kwake mpaka magharibi, kisha anafunga kwa kuogopa. Taa ilipowaka akaisogeza karai chini ya nguzo. Akaja wa mahamri na mbaazi. Wakaja wazee wa bao na ubao wao. Sasa mpaka saa nne na nusu pana watu, moshi, kelele, pilipili ya ukwaju. Mtu wa kukaba hapiti hapo, maana mama yule anawajua wote kwa jina la mama zao, na huwaita hivyo kwa sauti. Baada ya saa nne na nusu wakiondoka, taa inabaki peke yake kufanya kazi, na ndipo nusu mwanga ule ninaousema unapohitajika.

Siwezi kusema ni taa iliyoondoa wizi Malindi. Kule Detroit mauaji yalikuwa 386 mwaka 2012 na yakashuka mpaka 252 mwaka 2023, namba iliyokuwa ndogo kuliko zote tangu 1966 kufikia mwaka huo, na watu wanabishana ni polisi, ni kazi, ni taa, ni kila mmoja na sifa yake. Mji ule uliokuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950 ulishabakiwa na chini ya 714,000 mwaka 2010. Hata wa kuibiwa wamepungua. Hapa hoteli chache zimefunguliwa tena, wageni wengi siku hizi ni wa Nairobi, wanakuja Pasaka na Desemba na kuondoka. Hoteli yangu bado ina kufuli. Ukitaka kujua kama vijana wameacha kuiba kwa mapenzi yao, ngojea mwezi usio na wageni.

Kwa taa hii basi, kati ya nyota tano naipa tatu. Ingekuwa mbili kwa uongo wa boksi na skrubu za kutu, imeongezwa moja kwa betri, ambayo ni ya kweli na inaweza kubadilishwa na fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu. Usiinunue kwa ajili ya uwanja, wala geti la gari, wala kisima kilicho mbali na nyumba, huko utajuta. Kwa kichochoro chembamba, mlango wa nyuma, ngazi ya nje, inunue, uifunge juu, uiweke nusu mwanga. Bei ya haki ni 3,000 mpaka 3,500. Ukiona wati 500 au 800 kwa elfu moja zaidi, pima paneli kwa rula kabla ya kutoa pesa. Kama ni ile ile, wati nazo ni zile zile.

Waranti iliyoandikwa ni miaka miwili. Kijana wa duka aliniambia ni mpaka mlangoni. Kwa hivyo ijaribu ukiwa ndani: chomeka waya, funika paneli kwa mikono miwili au ilaze kifudifudi juu ya kaunta, taa iwake. Kisha tikisa kichwa cha taa karibu na sikio. Ikilia ndani, betri imelegea, omba nyingine. Akikwambia isijaribiwe kwa kuwa boksi likifunguliwa halirudishwi, mwachie boksi lake, duka la pili liko hatua chache tu.